Watu wa Mulongo

Ukifika Yamumbi ukaulizia nyumba ya Maximilla Nabwire, utaulizwa kwanza kama una nguo ya kushonwa. Amekaa na cherehani yake kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara miaka kumi na minane sasa, akishona sare za shule, na katika miaka hiyo macho yake yamejifunza kazi ya pili. Mtoto akiletwa kupimwa kaptura, Maximilla anajua kama nyumbani kwao kuna amani. Mtu mzima akipita tu barabarani, anajua kama amekula. Aliacha masomo darasa la saba kule Bungoma, lakini akikutazama mara moja, kuanzia kola hadi pindo, ameshakusoma.

Macho hayo hayakumpa raha hata kidogo. Aliona pikipiki ikipita mbio, akaona ajali. Alisikia mtu akikohoa, akaona kitanda cha hospitali. Simu ya Mulongo ikizima dakika kumi, yeye alikuwa ameshamlilia, ameshamzika, na ameshaanza kugawa nguo zake. Mulongo ndiye mtoto wake wa pekee, kijana wa miaka ishirini na minane, fundi wa pampu za maji, mrefu kama baba yake Murunga aliyefariki miaka tisa iliyopita.

Siku za msiba huo Maximilla hazikumbuki vizuri. Hakujua nani alileta kuni, nani alipika, nani alimvua viatu akamlaza. Alijua tu kwamba walikuwa watu wa jumuia, wale wanawake na wanaume wachache wa kanisa wanaokutana nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Walikuja bila kuitwa. Walipoondoka siku ya tano, hata sufuria zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa kuliko zilivyokuwa Murunga akiwa hai. Tangu hapo, kwa Maximilla, kuwa na watu si maneno ya kusemwa. Ni kuni, ni maji, ni mtu wa kukuvua viatu.

Kwa hivyo elewa alivyoshtuka ile Jumapili ya mwezi wa tano, Mulongo alipokaa kwenye kiti chake cha mbao akiwa bado na malapa, saa ya misa imefika.

"Unaumwa?" Maximilla akauliza, mkono tayari ukielekea kwenye paji la uso wa kijana.

"Siumwi, Mama. Sitaenda kanisa tena. Siamini. Nimejaribu miaka mitatu, nimeshindwa. Sitaki kukaa pale nikipiga magoti ya uongo."

Wamama wengine wangepiga mayowe. Maximilla alikaa chini. Mambo ya mbinguni hayakumtisha sana. Mungu, aliwaza, anamjua Mulongo kuliko mimi, watamalizana. Kilichomtia baridi ni mambo ya hapa chini.

"Sasa siku ukianguka, nani atakuja?" akauliza. "Mimi nikiondoka, nani ataingia kwa hiyo mlango? Wewe uko na watu gani?"

"Niko na watu, Mama."

"Wako wapi? Sijaona hata mmoja hapa kwangu. Hata jina sijasikia."

Mulongo akacheka kidogo, akasema wapo, wanakutana Langas kila Jumapili saa nne, wanajiita Kikundi cha Utu. Ni watu kama yeye, wasioamini, waliochoka kujificha. Kisha akaenda kupiga pasi shati, akatoka.

Maximilla alifanya kosa la kumweleza Mama Virginia. Mama Virginia alikuwa mwenyekiti wa jumuia, mwanamke mwenye moyo mpana na mdomo mpana vilevile.

"Wui, Maximilla! Hao wanaabudu nyoka. Wanavaa pete nyekundu. Umeangalia vidole vya mtoto?"

Jioni hiyo Maximilla akaangalia vidole vya mtoto. Vilikuwa na grisi ya pampu, pete hakuna. Lakini wasiwasi ukiingia kwa Maximilla hautoki kwa maelezo, unatoka kwa kuona. Jumapili iliyofuata akaenda misa ya kwanza, akapokea komunio, akatia rozari kwenye mkoba, na badala ya kurudi nyumbani akangoja Mulongo apite, akashika njia ya Langas, akimfuata kijana wake kwa mbali kama askari kanzu mwenye leso kichwani.

Mulongo akaingia kwenye shule ya chekechea. Maximilla akahesabu hadi mia moja, akazunguka nyuma, akasimama kwenye vidole na kuchungulia dirishani.

Nyoka hakuna. Kulikuwa na chupa ya chai, mkate, na watu kumi na mmoja walioketi kwenye viti vya watoto, viti vidogo vya rangi rangi, magoti yakiwafika karibu na masikio. Ukutani kulikuwa na irabu tano na picha ya tembo. Maximilla akawasoma mmoja mmoja. Yule mnene mwenye ovaroli anakosa kifungo na hana wa kumwambia. Yule msichana mwenye sketi ya kijivu ni mwalimu, chaki iko kwenye pindo. Yule mzee kidogo amevaa shati jipya, amelivaa kwa ajili ya hapa, si kwa ajili ya mahali pengine. Halafu akaona jinsi kila anayeingia alivyosogeza kiti chake karibu na mwenzake, karibu zaidi, mpaka viti vikagusana. Wapweke, akawaza. Hawa ni watoto wa watu, na ni wapweke.

Hapo vidole vya miguu vikachoka, akashika dirisha, dirisha likalia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa yule mwalimu wa sketi ya kijivu, Vivian, mwenye kuazima darasa kwa mwenye shule.

"Karibu, Mama. Umekuja kuandikisha mtoto?"

"Wangu ameshakuwa mkubwa kwa hii shule," Maximilla akasema. "Ni yule pale ameficha uso."

Darasa zima likaangua kicheko. Mulongo alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. "Mama! Umenifuata?"

"Si nimekuja tu? Ama kuja ni dhambi? Hata dhambi nyinyi hamna."

Wakacheka tena, wakamvutia kiti cha mwalimu, kiti pekee cha watu wazima, wakammiminia chai. Akaketi juu yao wote kama hakimu, mkoba mapajani, mkono ukishika rozari kupitia kitambaa. Chai ilikuwa na majani mengi na sukari kidogo. Hakuna mwanamke mzima humu, akawaza.

Mwenye ovaroli, ambaye jina lake Wabuge na kazi yake kubeba maziwa kwa pikapu, akakohoa. "Tuendelee. Tulikuwa kwa ile hoja ya Hellen."

"Hellen ni nani?" Maximilla akauliza.

"Ni mwenzetu," Mulongo akasema. "Amejifungua mtoto wa kiume. Wako Sugoi, boma la baba mkwe wake."

"Hongera! Mmeenda lini kumwona?"

Mtu mmoja akachezea kikombe.

"Bado tunajadili, Mama," Vivian akasema. "Hii ni Jumapili ya tatu."

"Mnajadili nini?"

Wabuge akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Maximilla alivyozidi kusahau kunywa chai. Kumbe kikundi kilikuwa kimegawanyika. Nusu walisema kutembelea mzazi kwa kundi, na zawadi, na nyimbo, ni mambo ya kanisa, na wao walitoka kanisani ili waache kufuata mambo kwa mazoea. Nusu ya pili walisema ni utu tu. Wakaunda kamati ya watu watatu ichunguze. Kamati haijaleta jibu.

"Mtoto ana umri gani?" Maximilla akauliza polepole.

"Wiki tano."

"Wiki tano! Na nyinyi mmempelekea nini huyo msichana?"

Vivian akamwonyesha simu. Kulikuwa na maua, mabaluni, mioyo ya rangi zote, na sura ndogo za manjano zinazolia kwa furaha. Maximilla akatazama kwa makini, akairudisha simu.

"Sasa hii," akasema, "Hellen atapika na mafuta gani?"

Mzee mwenye shati jipya akacheka mpaka kiti kidogo kikampindua. Maximilla hakucheka. Kifuani aliona kitu kibaya: alimwona Mulongo amelala mahali, mgonjwa, na hawa kumi waliobaki wakikaa kwenye viti vidogo wakijadili kama kumletea uji ni dini. Hawa ndio watu wake. Ndio pekee alionao.

"Mama, kuna jambo lingine," Mulongo akasema kwa sauti ya chini. "Mzee Kipkoech, baba mkwe wa Hellen, ni mzee wa kanisa. Tukifika atatuambia tuombe."

"Na akiwaambia mwombe, mtakufa?"

"Tutamdanganya. Hatutaki kumdanganya mtu nyumbani kwake."

Maximilla ndiye aliyemfundisha hivyo, kwa fimbo ya mpera, mwaka ule kijana alipokula sukari akasingizia panya. Akanywa chai yote ile mbaya, akaweka kikombe chini.

"Jumamosi saa mbili asubuhi," akasema. "Nani ako na gari?"

Wabuge akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Hiyo mambo ya kuomba tutajua tukifika. Sasa sikieni. Hakuna kumpigia simu mumuulize anahitaji nini. Mwenye kulea hajui anahitaji nini, anahitaji mtu aone. Mkifika, angalieni: kuna nguo chafu? Fueni. Maji yameisha? Chukueni mtungi. Msiulize mtoto anafanana na nani, mtaanzisha vita. Na mwondoke kabla hawajachoka na nyinyi. Wewe wa ovaroli utaleta nini?"

"Maziwa, Mama. Paketi kumi."

"Utapelekea Mkalenjin maziwa ya paketi? Mtu ana ng'ombe nane kwa boma?"

"Si ni maziwa tu..."

"Leta sabuni."

Vivian akasema ataleta kitabu kizuri cha malezi. Maximilla akamtazama. Vivian akasema ataleta unga wa wimbi.

Wiki hiyo Maximilla alishona sare akiwa roho juu. Mara mbili alishona mfuko nje ndani akaufumua. Alipokuwa akikanyaga cherehani aliuliza swali lilelile: ninamsaidia mtoto wangu apotee, ama ninamsaidia asipotee? Alimuuliza Mama Maria pia, Alhamisi, kwenye rozari. Hakupata jibu la maneno, lakini alijikuta amekata kipande cha flana laini na kushona vijishati vitatu vya mtoto mchanga, akavizungushia uzi wa kijani.

Jumamosi wakapakiwa kwenye pikapu, watu saba nyuma juu ya magunia makavu, Maximilla mbele karibu na Wabuge. Baridi ya asubuhi ilikuwa inauma masikio. Mahindi yalikuwa yamefika magotini pande zote mbili za barabara. Kuku aliyenunuliwa na mzee mwenye shati jipya alitoroka mara moja kwenye kituo cha mafuta, na wasomi watano wakamkimbiza kuzunguka magurudumu huku wakipeana maagizo. Maximilla akamkamata kwa leso.

"Na sasa," akasema walipokaribia Sugoi, "watu hawaingii kwa boma la mzazi kimya kama wezi wa ng'ombe. Mnaimba kuanzia kwa geti. Mnajua wimbo gani?"

Wakatazamana. Kila wimbo waliojua ulikuwa wa kanisani. Vivian alikuwa ameimba kwaya miaka kumi na miwili, Wabuge alikuwa besi ya parokia, Mulongo aliwahi kupiga ngoma Pasaka tatu mfululizo. Waliondoka kanisani, lakini zile sauti nne za kwaya hazikuwatoka.

"Tungeni wenu basi! Vichwa vyote hivyo mnasomea nini?"

Wakatunga mita mia mbili za mwisho, juu ya magunia. Ulikuwa wimbo wa maneno matano tu, tumekuja, tumekuja, kwa Hellen tumekuja, lakini Wabuge alipozima injini akaingia na besi yake, na Vivian akapanda juu akachezea sauti kama ndege, Maximilla alisikia nywele za mikono zikisimama. Mama mmoja mzee akatoka jikoni na mwiko mkononi akapiga vigelegele. Hellen akatokea mlangoni, kitambaa begani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipowaona akaketi chini palepale kwenye ngazi na kulia.

"Nilifikiri mmenisahau," akasema. "Nilifikiri nyinyi ni wa simu tu."

"Tulikuwa na kamati," Wabuge akasema, akitazama viatu vyake.

Maximilla hakungoja salamu ziishe. Alishaona kamba tupu na beseni iliyojaa nguo. Akanyoosha kidole, na wanaume wawili wakakunja mikono ya mashati. Vivian akaingia jikoni na unga wake. Muda mfupi baadaye boma lilikuwa limejaa sauti za maji na vicheko, na vijishati vitatu vya uzi wa kijani vilikuwa vimepita mikono yote vikisifiwa. Maximilla akampakata mtoto. Alikuwa mzito, ana nywele nyingi, anapiga miayo kama mwenyekiti wa mkutano.

Kisha Mzee Kipkoech akatoka malishoni. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kofia ya pama na fimbo, asiyeharakisha neno. Akasalimu kila mtu kwa mkono, chamgei, chamgei, akawaketisha sebuleni chini ya kalenda ya kanisa. Mama yule wa mwiko, mkewe, ambaye wote walimwita Gogo, akaleta mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu na kumimina vikombe. Mzee akavua kofia.

"Kwetu hapa wageni hawanywi bila maombi," akasema. Akatazama sebule, fimbo ikasimama kwa Mulongo. "Wewe kijana mrefu. Tuombee."

Maximilla aliwaona wenzake Mulongo wakitazama sakafu. Hellen alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, na Maximilla akaelewa kwamba msichana huyu naye ataishi katika boma hili na lolote litakalotokea sasa. Ilikuwa rahisi kuokoa mambo. Yeye mwenyewe angeweza kusimama, mama mzima, aombe maombi mazuri ya dakika tatu, watu wanywe. Alishafungua mdomo. Akamwona Mulongo anasimama, ananyoosha shati, na hamtazami mama yake. Akaufunga.

"Mzee," Mulongo akasema, "mimi sina desturi ya kuomba, na sitaki kukudanganya kwako. Ukiniruhusu, nitashukuru tu, kwa majina."

Fimbo ya Mzee Kipkoech ikabaki pale pale. "Shukuru," akasema.

Mulongo akamshukuru Hellen aliyembeba mtoto miezi tisa na kumzaa. Akamshukuru Kimutai, mumewe, ambaye siku hiyo alikuwa barabarani akiendesha lori ili nyumba ipate kula. Akamshukuru muuguzi, ambaye jina lake hawakulijua, lakini mikono yake ndiyo ya kwanza kumshika mtoto. Akamshukuru Gogo kwa kila sufuria ya maji ya moto aliyochemsha tangu siku ile, na Mzee kwa ng'ombe na maziwa. "Na mtoto," akamaliza, "tumekuja kumwambia kwamba tuko. Tumechelewa, lakini tuko."

Jikoni moto ulitatarika. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Umemaliza?" Mzee akauliza.

"Nimemaliza, Mzee."

"Hakuna Amina?"

"Hakuna, Mzee."

Mzee Kipkoech akafikiri. "Basi mimi nitaweka," akasema, akainamisha kichwa na kuomba maombi mafupi kwa Kikalenjin, na wale wasioamini wakasimama kimya kwa heshima mpaka alipofika mwisho. Alipofika akasema Amina kwa sauti ya kutosha watu wote. Kisha akavaa kofia, akavua tena kwa kusahau, akamgeukia mkewe.

"Nimekaa kanisani miaka arobaini," akasema, "na sijasikia mtu akikushukuru kwa maji ya moto."

"Hata wewe hujanishukuru!" Gogo akamrushia kutoka mlangoni, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, Mzee akicheka kuliko wote, fimbo ikaanguka chini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mzee aliwachokoza kwamba wao bado watoto, siku moja watarudi kanisani mbio, na Vivian akamjibu kwamba siku Mzee atakapokuja Langas watamtafutia kiti kikubwa. Walipokuwa wakiondoka, Mzee akamvuta Maximilla kando karibu na pikapu.

"Mama, nilikuwa nauliza kila siku huyu msichana wetu ako na watu gani," akasema. "Kanisani haji, na marafiki hatuwaoni. Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi, Mzee," Maximilla akasema. "Hata mimi."

Angeweza kuwa ametulia baada ya hapo. Lakini mtu mwenye wasiwasi haponi kwa safari moja. Waliimba vizuri Sugoi kwa sababu mimi nilikuwa pale, alijiambia. Mimi nilipanga, mimi nilisukuma. Je, nisipokuwepo?

Akajua mwezi wa saba. Mulongo alishikwa na tumbo kazini, akapelekwa hospitali, akapasuliwa kidole tumbo siku hiyohiyo. Daktari alisema ni upasuaji mdogo, na Maximilla alimsikia, na hakumwamini mpaka alipomwona Mulongo akiomba soda. Siku ya tatu wakamrudisha nyumbani Yamumbi, akalazwa sebuleni karibu na dirisha, marufuku kuinua kitu, marufuku kucheka sana.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumanne, jumuia ikaja, kama kawaida yao, Mama Virginia mbele na mtungi wa uji. Waliomba, wakaimba, na Mulongo akawashukuru vizuri, maana uji wao ulikuwa mtamu na upendo wao hakuwahi kuukataa. Maximilla alikuwa anakwenda na kurudi, lakini macho yake yalikuwa getini. Simu ya Mulongo ililia kwenye stuli. Akaichungulia. Maua, mioyo, sura za manjano.

Moyo ukamshuka hadi kwenye malapa. Si nimewafundisha? akawaza. Aliitamani ile simu aipige, amwambie Wabuge maneno. Akaizuia mikono yake kwa kuanza kukata vitunguu. Nikiwaita, hawajaja. Wameitwa.

Saa tano ikapita. Mama Virginia akaanza kukusanya vyombo.

Ndipo besi ikaingia. Ilitoka mbali, kona ya kwa kinyozi, nzito kama lori lililobeba mahindi, na juu yake sauti nyingine tatu. Tumekuja, tumekuja, kwa Mulongo tumekuja. Maximilla akatoka na kisu mkononi, machozi ya vitunguu na machozi mengine yakiwa yamechanganyika. Walikuwa kumi na wanne, walikuwa wameongezeka. Wabuge alibeba mzigo wa kuni kichwani, ovaroli yake ina vifungo vyote. Vivian alikuwa na sukari na unga. Mzee wa shati jipya alikuwa na kuku, safari hii amefungwa miguu yote miwili na bawa moja. Na nyuma kabisa Hellen, mtoto mgongoni akiwa na kijishati cha uzi wa kijani ambacho tayari kilikuwa kinambana, mkononi kibuyu cha mursik kutoka kwa Mzee Kipkoech.

"Hatukupiga simu," Vivian akasema akihema. "Ulisema tusiulize."

"Na hatukuunda kamati," Wabuge akaongeza.

Hawakungoja kuelekezwa. Wabuge akaona shoka likiegemea ukuta, akaanza kupasua kuni. Vivian akaona sufuria za uji, akazichukua mikononi mwa Mama Virginia aliyebaki ameshangaa, akaenda nazo bombani. Mtu akaona kamba ya nguo imelegea, akaikaza. Ndani, Mulongo alikuwa anacheka akijishika mshono, akisema, "Wacheni, wacheni, daktari amekataza," na hakuna aliyeacha.

Mama Virginia akamsogelea Maximilla, akatazama vidole vya wageni, kimoja kimoja.

"Maximilla," akanong'ona, "hawa ni wa kanisa gani? Wanaimba hivi!"

Maximilla akapangusa macho kwa kiwiko.

"Si kanisa," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. "Ni watu wa Mulongo."

Mama Virginia akageuka kumtazama Wabuge. Shoka liliangukia gogo, na kila lilipoanguka Wabuge alitoa noti ya chini kabisa, kwa raha zake tu.

"Huyo wa besi," Mama Virginia akasema hatimaye. "Unafikiri anaweza kutusaidia Krismasi? Sisi besi hatuna tangu Mzee Ogola ahamie Kitale."

"Muulize mwenyewe," Maximilla akasema. "Lakini kwanza umpe chai."

Akaingia jikoni, akaishusha sufuria ndogo, na akaanza kuitafuta ile kubwa ambayo haikuwa imetoka juu ya kabati miaka tisa.